Karatasi ya khalati ilivyosomwa vibaya

Mshenga alikuja Jumatano baada ya laasiri na hata kikombe cha kahawa hakukimaliza. Maneno alokuja nayo yalikuwa mafupi: upande wa mume wamesikia kwamba kwa khalati kuna saratani ya kurithi, iko kwenye damu, na imeshathibitishwa Uhindi kwa karatasi, kwaiyo wanaomba mambo ya harusi yasimame kwanza mpaka ijulikane kama binti yake nae anayo. Khalati alikuwa amelala ndani, kati yake na huyo mtu pana pazia tu. Kasikia yote.

Mimi nafanya kazi maabara hapa Unguja. Khalati ni mdogo wake mama na ndie alonilea miaka minne nilipokuwa nasoma skuli Wete, kwaiyo nilipopanda boti siku ya pili kuvuka Pemba wala sikwenda kama mtu wa maabara, nilikwenda nimejaa hasira. Ila nilipoisoma ile karatasi mwenyewe na kuwauliza watu mmoja mmoja nikaona kisa hichi kina mambo ambayo familia nyingi zitakutana nayo, mana siku hizi sampuli zetu zinakwenda kupimwa jeni mbali na majibu yanarudi kwa simu. Nakiandika chote kwa ruhusa yake mwenyewe, bila ya majina na bila ya kutaja spitali.

Khalati ana miaka 54 na hajapata kuvuta sigara hata siku moja. Marehemu mumewe nae hakuwa mvutaji. Kazi yake miaka zaidi ya 30 ni kupika mkate wa kumimina na vibibi kwa kuuza, na anaeujua mkate wa kumimina anajua lazima upaliwe, moto chini moto juu, na makaa ya khalati yanatokana na makumbi na vifuu anavyochoma mwenyewe kwenye jiko la uani lenye paa la makuti. Nakumbuka masizi yaliyokuwa yakining'inia kwenye makuti kama nyuzi nyeusi, na asubuhi ukiingia mule macho yanatoka machozi kabla hujajua unatizama nini. Yeye alikuwa anakaa mule tokea kabla ya alfajiri mpaka jua limepanda.

Kikohozi kilianza mwaka juzi, mfungo sita, kavu, hakina homa. Baada ya miezi miwili ukaja uzito bega la kulia, kisha siku moja kwenye kitambaa akaona mchirizi wa damu. Akaenda spitali, akapigwa eksirei, pakaonekana kivuli, makohozi yakapimwa mara mbili na mara zote mbili kifua kikuu hakikuonekana. Hata hivo akaanzishiwa dawa za kifua kikuu za miezi 6. Hapa nataka niseme kwa haki: kuanzisha dawa bila ya vijidudu kuonekana si kosa peke yake, madaktari wanafanya hivo duniani kote pale dalili zinapoelekea huko, na kwetu kifua kikuu kipo kweli. Kosa ni kwamba miezi miwili ilipita, mkojo umekuwa mwekundu kwa dawa, na mtu anazidi kukonda, kilo 61 zimekuwa 53, na hakuna aliekaa akauliza tena. Kila akirudi anaambiwa maliza dozi. Akaimaliza. Siku anameza kidonge cha mwisho alikuwa hawezi kupanda ngazi tatu za barazani kwake bila ya kukaa.

Basi wanawe wakachangishana, akavushwa Unguja kisha Dar es Salaam. Siti skani ikaonesha uvimbe pafu la kulia, pembeni, na maji yamejaa kifuani, walitoa lita moja na nusu, na ndani ya yale maji mna seli za saratani, maana yake ishafika hatua ya 4. Wakachukua kipande cha nyama ya uvimbe, jibu likawa adenokasinoma, ile aina ya saratani ya mapafu inayowapata sana hata watu wasiovuta. Dokta akasema kipande kipelekwe Uhindi kikapimwe jeni, mana jibu likiwa zuri kuna vidonge badala ya drip. Maelezo kamili aloyatoa kuhusu kipimo chenyewe ni hayo. Sina mashaka kuwa alikuwa na foleni ya watu nje ya mlango, lakini familia ilitoka mule haijui inasubiri nini.

Wiki tatu baadae karatasi ikaja kwa imeili ya mtoto wake wa kiume. Kurasa 6, Kiingereza kitupu, hakuna alopiga simu kuieleza. Kijana hakuielewa, akamrushia binamu yetu mmoja ambae Kiingereza chake ni kizuri na anafanya kazi ya simu na kompyuta, na huyu binamu akaona ukurasa wa kwanza, kwa wino mzito, EGFR L858R (EGFR ni jina la jeni, L858R ni badiliko moja ndani yake), mutesheni ipo. Akatafuta neno mutesheni kwenye simu, akaletewa mabadiliko ya jeni. Jeni ni kitu gani? Kitu unachorithi kwa wazazi. Kwaiyo hesabu yake ikawa fupi. Akarikodi voisi ya dakika mbili kwenye grupu la ukoo, kwa nia njema kabisa, sauti yenyewe inatetemeka, akisema jamani imejulikana, hii saratani ni ya kurithi, iko kwenye damu yetu, bibi alikufa na kifua, mjomba alikufa na kifua, sasa khalati, kila mtu akapime. Grupu lina watu 140 na zaidi. Mpaka magharibi ishafika Chake, na kwa Ijumaa ilikuwa imeshaingia nyumba ya wakwe.

Ukiniuliza mimi, kisa chote kinazunguka neno moja lililofasiriwa nusu.

Mutesheni ni kosa la herufi kwenye maandishi ya jeni, basi. Neno lenyewe halikwambii kosa hilo limetokea lini wala liko wapi. Kuna kosa unalozaliwa nalo, limo kwenye yai la mama au mbegu ya baba, kwaiyo limo kwenye kila seli yako kuanzia ukucha mpaka unywele na unaweza kumpa mwanao. Na kuna kosa linalotokea ukubwani, ndani ya seli moja tu, mahala pamoja tu, seli hiyo ikazaana mpaka ikawa uvimbe. Hili la pili halimo kwenye kizazi, haliendi kwa mtoto, akifa mwenyewe linakufa nae. Na mabadiliko mengi ya EGFR yanayokutwa kwenye saratani za mapafu, ikiwemo hii L858R, ni ya namna hii ya pili.

Nilipomueleza khalati mwenyewe nilihangaika kutafuta maneno. Nikamwambia chukulia kanga. Kuna kanga imetoka kiwandani chapa imekosewa, hiyo kila doti ya mtambo ule ina kosa lile lile, ukimpa dada ukimpa jirani wote wanalo. Na kuna kanga imetoka nzima, wewe ukairukishia mafuta jikoni. Akanyamaza kidogo, akavuta pumzi (wakati ule bado pumzi ilikuwa tabu), akasema, "Kwaiyo hili langu doa. Si chapa."

Ndo hivo hasa. Na mimi tokea siku ile natumia maneno yake.

Sasa, kwa nini nilikuwa na uhakika kabla ya kipimo chochote chengine? Kwa kweli sikuwa na uhakika kamili, nilikuwa na dalili. Ya kwanza iko kwenye karatasi ile ile, ukurasa wa tatu, ambao hakuna aliefika: waliandika kwamba mabadiliko yameonekana katika asilimia 21 ya nakala walizosoma. Kila seli ina nakala mbili za jeni hii, ya mama na ya baba, kwaiyo kitu cha kurithi unategemea ukikute karibu na nusu, asilimia 50, kwenye seli zote, za uvimbe na zisizo za uvimbe. Asilimia 21 inaelekea zaidi kwenye uvimbe uliochanganyika na nyama nzima. Haitoshi kuwa ushahidi, mana uvimbe wenyewe unaweza kuzidisha au kupoteza nakala na hesabu ikavurugika, lakini ni dalili. Ya pili ni kile ambacho hakikuwemo. Kwenye jeni hiyo hiyo ya EGFR kuna badiliko jengine linaitwa T790M, na hilo ndo ambalo kweli kuna familia zinalirithi, iliandikwa mara ya kwanza mwaka 2005 kuhusu ukoo mmoja uliokuwa na wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2023 uliwafuatilia watu wenye T790M ya kuzaliwa nayo na ukaona kama nusu yao walishapata saratani ya mapafu kufikia miaka 60, na baadhi ya ambao bado hawajaugua walikutwa na vinundu vidogo vidogo mapafuni. Hiyo ni chapa kweli kweli. Ikionekana T790M kwenye uvimbe wa mtu ambae hajameza dawa yoyote ya saratani, hapo dokta lazima asimame na aulize ukoo mzima. Kwa khalati walipima sehemu hiyo, haikuwepo.

Ya tatu ni ukoo wenyewe, na hapa nilikaa na mama yangu usiku mzima tukiwahesabu watu. Bibi alikufa na kifua, sawa, lakini bibi alikuwa na pumu tokea mwari, mama anakumbuka akichemshiwa dawa na kufukizwa kila kusi likianza, akafa na miaka 79. Mjomba alikufa na miaka 58 na yeye pengine kweli ilikuwa saratani, hakupimwa, lakini mjomba alianza kuvuta tumbaku na miaka 15 akiwa na wavuvi na hakuacha mpaka alipolazwa. Khalati ndie pekee aliethibitishwa. Voisi ilivyowapanga watatu kwa mstari mmoja ilionekana kama mnyororo, na kila alosikia akauona mnyororo. Mimi naona vifua vitatu na sababu tatu. Ningekuwa na khofu nyengine kabisa kama ningekuta watu wazima wa miaka 35, 40, wasiovuta, vizazi viwili au vitatu, au saratani za kila namna zinazowapata watu wadogo kwenye nyumba moja, matiti, ubongo, mifupa, mana kuna hitilafu ya kurithi ya jeni ya TP53, madaktari Li na Fraumeni walieleza koo za namna hiyo mwaka 1969, na watu hao na saratani ya mapafu pia inawapata.

Sitaki mtu asome hapa aondoke akidhani kurithi hakuna. Kupo, ila kwa watu wengi si kwa jeni moja kubwa inayoamua mambo. Mwaka 2008 watafiti walikuta sehemu ya kromosomu ya 15 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), penye jeni za vipokezi vya nikotini, ambayo watu wenye namna fulani ya maandishi pale wanavuta zaidi na kuacha inawawia vigumu, na hatari yao ya saratani ya mapafu inapanda. Mwaka 2014 likaja badiliko moja la BRCA2, jeni ambayo watu wanaijua kwa saratani ya matiti, likionekana kukaribia kuzidisha hatari mara mbili, na wavutaji ndo wanaoumia nalo zaidi. Na kwa ujumla mtu mwenye mzazi au ndugu wa damu alieugua saratani ya mapafu hatari yake ni kama mara moja na nusu ya mtu mwengine, na ndani ya hiyo nusu umo pia moshi walovuta pamoja na jiko walokaa pamoja, si damu peke yake. Mjomba wangu, kama alikuwa na chochote cha kurithi, mimi nadhani kilikuwa cha namna hii, kitu kidogo ambacho kilingojea tumbaku.

Binti alikuwa anakuna nazi nilipoingia jikoni. Hakuinua uso, akaendelea na mbuzi yake, kisha akauliza, na mimi je? Ana miaka 23. Nikamwambia kwa ninavyoona mimi hukurithi hichi, lakini sitaki uamini kwa sababu mimi nimesema, tutapima damu ya mama, na isipokuwemo kwa mama basi hakuna njia ya kuwa kakupa wewe, hutohitaji kuchomwa sindano hata moja. Akasema, "Na ikiwemo?" Nikamwambia ikiwemo ni nusu kwa nusu kwa kila mtoto, na hapo utachagua mwenyewe kupima au kutokupima, si wakwe wala grupu. Akaacha kukuna.

Nikampigia dokta wa Dar na niseme alipokea vizuri na alisikitika kweli aliposikia lililotokea. Akakubali. Hapa kuna jambo la kimaabara ambalo nataka liwafikie watu mana linaweza kuleta msiba wa pili juu ya wa kwanza: ukisema tu "pimeni damu" unaweza ukapata jibu la kupotosha. Damu ina maji yake, plazima, na mgonjwa wa saratani iloenea anakuwa na vipande vya jeni vya uvimbe vinavyoelea mule, kuna vipimo vizuri kabisa vinavyotafuta vipande hivo kwa makusudi. Ukipima plazima ya khalati ukaikuta L858R hujajua lolote kuhusu kurithi, umeuona uvimbe ule ule kwa njia nyengine. Kinachotakiwa ni seli nyeupe za damu, ambazo ni seli zake za kuzaliwa nazo. Nikaandika kwenye fomu kwa herufi kubwa, nikapiga simu kuhakikisha. Tukasubiri wiki tano. Zilikuwa wiki tano ndefu, mana mama yangu nae alikuwa ndani ya hesabu ile, na mimi nyuma yake, na ndugu zangu wote.

Haikuwemo.

Katika wiki hizo khalati alishaanza vidonge, gefitinibu, kimoja kwa siku. Jambo ambalo lilipotea kabisa ndani ya ule msukosuko ni kwamba karatasi ile ilikuwa na habari ya kheri. EGFR ni kama kengele iliyo juu ya seli, ikigongwa seli inazaana, na L858R inaifanya kengele ilie yenyewe bila ya mgongaji. Mwaka 2004 ndo iligunduliwa Boston kwamba wagonjwa wenye kengele ya namna hii ndio wanaoitikia vidonge hivi. Ukoo unalia, kumbe kile wanacholilia ndicho kilichompa khalati dawa ya kumeza nyumbani kwake. Wiki ya tatu kikohozi kilipungua. Wiki ya sita alitoka barazani peke yake. Uso ulimtoka vipele vingi puani na mashavuni, na kucha za miguu zikamuuma pembeni, hayo ni madhara ya dawa yanayojulikana, akawa anajipaka liwa iliyosagwa na maji baridi, anakaa na uso wake wa manjano mlangoni kama mwari, na wakija watu anawaambia hivi si chunusi hizi, ni dawa inafanya kazi.

Mambo ya wakwe yalikwenda hivi. Mimi nilitaka kwenda Chake na karatasi zangu zote mbili nikawasomeshe. Khalati akakataa. Akasema maneno yalitoka kwa voisi, basi yarudi kwa voisi, na aliyeyasema ndie ayaseme tena kwa mdomo ule ule. Binamu aliitwa, akaja, amevunjika kabisa, akakaa chini mbele yake. Nikamueleza yeye kwanza mpaka akaelewa kiasi cha kumueleza mwengine, kisha akarikodi, dakika nne na kitu, akasema alikosea, akaeleza doa na chapa, akasema damu imepimwa na haimo. Ile ya kwanza ilisambaa kwa siku mbili, hii ya pili wengine mpaka leo hawajaifungua. Lakini ilifika ilipotakiwa. Mama wa kijana alikuja mwenyewe na shangazi yake kumtizama mgonjwa, hawakuzungumza harusi hata kidogo siku ile, walikaa tu, na mshenga akarudi wiki ya pili yake. Harusi itakuwa baada ya karafuu za mwaka huu, inshaallah. Shangazi mmoja wa upande ule bado anasema kwao wana kifua. Hilo mimi siliwezi.

Jiko la uani limevunjwa makuti. Sa hivi mna mtungi wa gesi, na dirisha. Dokta hakuweza kusema moshi ndo ulosababisha na mimi siwezi kusema, moshi wa kuni na mabaki ya mimea kwa kupikia umewekwa na shirika la utafiti wa saratani la dunia katika vitu ambavyo pengine vinasababisha saratani, neno lao ni pengine, na kwa mtu mmoja hakuna kipimo cha kukwambia. Lakini binti ndie anaepika sasa, na khalati hataki kumuona kwenye moshi.

Kuna kitu kimoja bado kinanikaa moyoni. Vidonge hivi haviui saratani yote. Kwa watu wengi baada ya kama mwaka hivi uvimbe unapata njia ya kuvikwepa, na kwa kama nusu yao njia yenyewe ni ile ile T790M, safari hii ikitokea upya ndani ya uvimbe, si ya kuzaliwa nayo. Kuna kidonge chengine kinachoiweza, osimertinibu, ila lazima kwanza ipimwe tena. Maana yake siku moja itakuja karatasi ya pili, na ndani yake huenda yakawemo maandishi ambayo mtu akiyatafuta kwenye simu yake ataambiwa haya ni ya kurithi, na kwa familia nyengine ni kweli. Mimi huenda nisiwepo siku hiyo. Kwaiyo karatasi ya kwanza tumeichapisha, pamoja na ya seli nyeupe, zimo ndani ya bahasha kwenye mkoba wa ukindu wa khalati juu ya kabati, na nyuma yake nimeandika kwa peni:

"Alieshika hii, soma kwanza kabla hujamwambia mtu. Kipimo cha mwanzo kabla ya dawa: L858R ipo, T790M haipo. Seli nyeupe za damu: L858R haipo. Ikija karatasi mpya ina T790M, imetoka kwenye uvimbe baada ya dawa. Mpigie dokta, kuna kidonge chake. Usirikodi voisi."

Khalati aliniambia niisome kwa sauti, nikaisoma. Akaniambia ongeza chini: hili doa. Nikaongeza.